Chumba cha Nne

Haya nayaandika kwa ajili ya yule anayelala amekaa. Wewe unajua nasema nini. Wenzako wamejinyoosha mkekani na usingizi umewachukua, na wewe umeegemea ukuta umekumbatia mto, kwa sababu ukijilaza tu pumzi inakukataa. Mimi nililala hivyo karibu miaka miwili. Leo nalala chali, nalala ubavu, nalala nitakavyo, na mume wangu analalamika kwamba nakoroma. Mwache alalamike.

Sitakufundisha udaktari, maana siujui. Nitakueleza yaliyonipata mimi na mama yangu, na hasa lile kosa letu lililokaribia kuniua. Kosa lenyewe lilitokana na kujua kwetu. Tulikuwa tunaujua moyo, ila si moyo wa binadamu.

Mimi ni Mbajuni wa Fuma, kisiwa cha pwani ya Somalia. Baba yangu alikuwa mvuvi wa kasa. Alikuwa akimfunga chazo kamba mkiani, yule samaki mwenye kichwa kinachonata, akamwachia majini, na chazo akienda kumnata kasa, Baba anaivuta kamba taratibu mpaka kasa anafika ubavuni mwa mashua. Kasa akishachinjwa, kazi ya kumpasua ilikuwa ya Mama, na sisi watoto tulikuwa tukigombea moyo. Si wa kula. Moyo wa kasa ukiutoa na kuutia bakulini unaendelea kupiga, unapiga mpaka wali unaiva na watu wanakula na bado unapiga. Tulichuchumaa tukiutazama, na ukisimama mmoja wetu anaugusa kwa kijiti, unapiga tena. Mama alinionyesha vyumba vyake kwa ncha ya kisu. Viwili juu, kimoja chini. Nimepasua kasa mimi mwenyewe tangu sijavaa buibui, na sikuwahi kuona vinginevyo.

Ugonjwa ulianza na magoti. Nilikuwa mtoto bado, koo liliniuma siku chache, likapoa, kisha magoti yakavimba, yakashuka yale, vikavimba viwiko. Nilisuguliwa mafuta ya kasa, nikaombewa, nikapona, ikasahauliwa. Baadaye nikapelekwa Kismayu kwa mjomba ili nisome, na huko ndiko nilikoanza kusimama katikati ya njia nikijifanya natafuta kitu mkobani, kumbe natafuta pumzi. Muuguzi mmoja Msomali alinitegea sikio mgongoni, akasema wadne, wadne, yaani moyo, akamwambia mjomba nipelekwe kwa daktari mkubwa Mogadishu. Mjomba akasema tutakwenda baada ya Idi. Kabla ya Idi, vita vilifika Kismayu na hakukuwa tena na daktari mkubwa wala mdogo.

Nilirudishwa Fuma tukidhani kisiwani hakuna cha kuporwa. Wenye bunduki walikuja kutaka mashua na mashine zake. Baba aliwaambia mashine yake imekufa, na ilikuwa kweli imekufa, lakini hawakumwamini. Tulimzika asubuhi ile ile. Kaka yangu Shee ndiye aliyenibeba mgongoni kwenda ufukweni, kwa sababu watu wote walikuwa wanakimbia na mimi sikuweza kukimbia hatua tatu.

Tulisafiri tumebanana mashuani, tukipita mbali na bandari ya Burgao kwa kuogopa wenye bunduki, mpaka tukavuka mpaka wa Kenya. Njia nzima nilikaa wima nikihema na kukohoa. Wanawake wenzangu walidhani bahari imenishinda, wakaanza kunicheka chinichini, maana Mbajuni kulevywa na bahari ni aibu ya kusimuliwa na wajukuu. Nilitamani iwe bahari.

Kambi yetu ilikuwa nje ya Mombasa, mahema yaliyopangwa karibu karibu kiasi kwamba ukikohoa ndani ya lako jirani wa tatu anakupa pole. Huko ndiko mwili wangu ulikobadilika mbele ya macho yangu. Vifundo vya miguu vilivimba, ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo. Midomo iligeuka rangi ya zambarau, na mashavu yakawa mekundu, wageni wakanisifu kwamba nimenawiri. Nilikohoa povu la rangi ya waridi nikalificha kwenye leso. Kuteka maji sikuweza, kufua sikuweza, na kuna waliosema mtoto wa marehemu ni mvivu. Hilo la uvivu liliniuma kuliko kifua.

Ukuta wa hema hauegemeki. Basi Mama alikaa nyuma yangu, mgongo wake kwa mgongo wangu, na hivyo ndivyo tulivyolala. Akisinzia akiinama mbele, mimi naanguka kinyumenyume na kuamka nikitapatapa, naye anaamka akiomba radhi. Nilimkasirikia mara nyingi, Mungu anisamehe, na yeye alinikasirikia. Asubuhi tulikuwa hatusemezani. Shee akituletea chai anaiweka katikati yetu na kwenda zake.

Mwisho Shee alinipeleka hospitali mjini. Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la wagonjwa wa moyo, nikwambie ni mahali pa watu wapole sana. Hakuna anayegombana, kwani hakuna mwenye pumzi ya kugombana. Kulikuwa na bibi mmoja wa Lamu aliyekuja na mito miwili, mmoja wake na mmoja wa kumwazima atakayekuja bila mto. Alinipa ule wa pili bila kuniuliza jina. Nawe ukienda, chukua mto, vaa nguo inayofunguka mbele, na usione haya kuomba kukaa.

Daktari alikuwa mama wa makamo, Mhindi wa Mombasa, Kiswahili chake cha mjini kabisa. Alinisikiliza kifua muda mrefu akiwa amefumba macho. Kisha akachukua moyo wa plastiki uliokuwa mezani, akaufungua kama mtu anavyofungua dafu, akatuonyesha. Chumba hiki, chumba hiki, ukuta katikati, chumba hiki, chumba hiki. Damu inaingia upande wa kulia, inakwenda mapafuni kuchukua hewa, inarudi upande wa kushoto, inashuka chini, inasukumwa mwilini. Kati ya chumba cha juu na cha chini kuna mlango. Mlango wangu wa kushoto, alisema, umeshikana kwa ile homa ya magoti ya utotoni, umebaki tundu dogo, na damu iliyokosa njia inarudi kujaa mapafuni.

Mimi na Mama tulikuwa tumeacha kumsikiliza zamani. Tulikuwa tunahesabu.

Nilimwambia daktari kwa adabu kwamba chumba kimoja kimezidi. Aliuliza kimezidi vipi. Nikamwambia chini panapaswa kuwa na kimoja tu. Daktari alicheka, si kwa dharau, akadhani natania, kwa kuwa nilikuwa na uso wa mtu wa kutania hata nikiwa taabani. Akaendelea kutueleza kwamba madaktari wapasuaji huja Nairobi mara mbili kwa mwaka, wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, na kwamba mmoja wao ataweza kuingiza kidole ndani ya moyo, moyo ukiwa unapiga, na kuufungua ule mlango. Atapitia kwenye kisikio cha moyo. Hapo Mama alisimama, akanishika mkono, akasema asante, tutafikiri.

Tulipofika nje alishasema alichofikiri. Moyo hauna masikio. Na ule ukuta wa chini aliouonyesha daktari ndio ugonjwa wenyewe, umeota ndani ya moyo wangu ukagawa chumba kimoja kuwa viwili, na wao wanataka kuingiza kidole waubomoe. Mama alikuwa amepasua mioyo mingi kuliko daktari yeyote wa Mombasa, na alijua jambo moja kwa yakini. Moyo ukitolewa mzima unapiga mpaka kesho. Ukitobolewa kwa ncha ya kisu tu, unaruka damu mara moja, unasimama, na hakuna kijiti cha kuuamsha.

"Mchu katoboka moyo n'kumzika tu," alimwambia Shee kwa Kibajuni, mchu yaani mtu. "Baba yenu n'mezika. Huyu simpi mchu."

Mimi nilimwunga mkono. Nataka ujue hivyo, usije ukadhani Mama alinizuia na mimi nililia nataka. Nilikuwa nimeuona ule moyo bakulini kwa macho yangu. Kwangu mimi daktari alikuwa mtu mwema aliyekosea chumba.

Basi kusi ilipita bila sisi. Kila mwezi nilikwenda kudungwa ile sindano nzito ya tako ya kuzuia homa ya magoti isirudi, inayokufanya uchechemee mpaka kesho yake, nami nilihesabu maisha kwa hiyo. Sindano ya mvua. Sindano ya Ramadhani, ambayo nilikatazwa kufunga nikalia. Sindano ya siku niliyokohoa damu tupu, nyekundu, si waridi tena, Shee akanikimbiza na mkokoteni wa maji wa jirani. Nililazwa. Daktari hakuniuliza kwa nini hatukwenda Nairobi. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda na kusema waziwazi kwamba kaskazi ijayo ni ya mwisho kwangu, baada ya hapo hata wale wapasuaji hawatanipokea.

Niliogopa. Sijawahi kuogopa vile, hata ufukweni. Nikamwambia tena, safari hii bila tabasamu, kwamba tunaogopa kwa sababu ya kile chumba cha nne, na nikamweleza habari ya kasa tangu mwanzo: bakuli, kijiti, kisu cha Mama, kila kitu. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alishika paji lake la uso.

"Mwanangu, mna haki," alisema. "Kasa ana vitatu. Ng'ombe je, umeshapasua moyo wa ng'ombe?"

Sisi watu wa visiwani, ng'ombe tulimwona kwa Wasomali wa bara, na tulimla kwenye harusi akiwa ameshakatwakatwa. Sikuwahi. Daktari akasema moyo wa ng'ombe na wa mtu haitofautiani ila kwa ukubwa, na kwamba maneno yake yametosha, sasa twende buchani.

Niliporudishwa kambini, Shee alileta moyo wa ng'ombe umefungwa kwenye gazeti. Mama aliutazama kwa chuki. Aliuweka kwenye sinia, akakaa kitako, akaomba kisu. Wanawake wa mahema ya jirani wakasogea, maana hakukuwa na mengi ya kutazama siku zile. Kitu cha kwanza alichokiona, kabla hajakata popote, ni vijinyama viwili vimelala juu ya moyo, kimoja kila upande, vyembamba na vya kukunjika. Alivinyanyua kwa vidole. Aliviangusha. Akavinyanyua tena.

"Masikio," akasema polepole.

Kisha akapasua. Chini alikuta vyumba viwili. Alipitisha kidole upande huu, akapitisha upande ule, na ukuta ulikuwa katikati, mnene, wa nyama nyekundu safi isiyo na donda wala uvimbe. Akamuuliza Shee kama ng'ombe huyu alikuwa mgonjwa. Shee akasema mwenye bucha kaapa alikuwa na nguvu za kuua mtu. Mama akaufungua upande wa kushoto, na hapo tukauona mlango, mimi na yeye kwa pamoja, vichwa vyetu vimegusana. Ni ngozi mbili nyeupe, laini, zimeshikwa chini kwa vijinyuzi vyeupe vyembamba visivyokatika hata ukivuta. Aliomba maji. Akamimina, akabana kile chumba cha chini kwa kiganja, na zile ngozi mbili zikainuka zikakutana zenyewe, mlango ukafunga, tone halikupanda. Akalegeza, ukafunguka. Akabana, ukafunga. Alifanya hivyo sijui mara ngapi.

Baadaye alizishika zile ngozi kwa kucha, akazibana kingo mpaka ikabaki nafasi ndogo ya kupita punje ya mtama. Akamimina maji. Yakajaa juu, yakafurika, yakamwagika kwenye sinia na mapajani mwake.

Alinitazama. Nilikuwa nimekaa wima nikihema, midomo ya zambarau, na nadhani ndiyo mara ya kwanza aliona ndani yangu kuna nini. Hakulia. Alitoboa kile kisikio cha kushoto kwa ncha ya kisu, akaingiza kidole chake, kikashuka chumba cha juu, kikafika mlangoni, kikapita. Kwa mkono wa pili alikaza mdomo wa kile kisikio kikakibana kidole sawasawa, kama unavyofunga mdomo wa mfuko.

"Hapa pafungika," alisema. "Damu haitoki. Shee, kamwambie yule mama wa Kihindi n'mekubali."

Ule moyo tuliupika jioni, na jirani aliyeniita mvivu alikula nyama nyingi kuliko wote.

Nairobi sikuipenda. Baridi iliingia mpaka kwenye meno. Wodini tulikuwa wasichana tupu, mmoja wa Turkana, mmoja wa Kisumu, wengine sikumbuki, na hatukuwa na haja ya kuelezana kitu, kila mmoja alikuwa na mto wake. Asubuhi ya kupasuliwa Mama alinisomea, akanipulizia kifuani, akasahau kuniachia mkono mpaka muuguzi alipomfungua vidole kimoja kimoja.

Nilipozinduka niliumwa. Sikufichi. Mshono wangu unaanza chini ya ziwa la kushoto na kuzunguka hadi mgongoni, mbavu zilikuwa zimepanuliwa, na mpira ulitoka ubavuni kwenda kwenye chupa iliyokuwa ikibubujika maji kila nikipumua. Siku ya pili alikuja kijana mwenye misuli akanilazimisha kukohoa ili kifua kisafike, nikamtukana kwa Kibajuni, akasema asante. Ukumbatie mto wako unapokohoa, ndugu yangu, ule ule uliokuja nao. Lakini katika maumivu yale yote kulikuwa na kitu kigeni, na ilinichukua muda kukitambua. Nilivuta pumzi ikashuka. Ikaenda chini, mahali ambapo haikufika tangu Kismayu, na hapakuwa na mtu wa kuizuia. Nilicheka mshono ukauma, nikacheka tena.

Mpasuaji alikuja kunitazama, mzee mrefu mwenye aibu. Mama alimwomba muuguzi amuulize alitumia kidole gani. Mzee akakiinua, kile cha shahada, cha mkono wa kulia. Mama yangu, ambaye hakuwahi kumgusa mwanamume asiye wake, aliviringisha ncha ya buibui mkononi mwake, akakishika kile kidole kupitia nguo, akakisomea Fatiha mwanzo hadi mwisho. Mzee alisimama ameinamisha kichwa mpaka akamaliza. Ndipo nilipolia.

Tuliporudi Mombasa, vifundo vilikuwa vimeshuka, nikaona miguu yangu tena, myembamba kuliko nilivyoikumbuka. Mashavu yakapoteza ule wekundu, watu wakanipa pole kwamba nimekonda, na safari hii nilikuwa mzima. Niliteka maji, debe zima. Sindano ziliendelea mwezi kwa mwezi na zimeendelea miaka mingi, usiziache, hata ukijiona shujaa. Mlango wangu si mpya. Umefunguliwa tu, na daktari aliniambia huenda siku moja ukahitaji kufunguliwa tena. Siku hiyo ikija, nitachukua mto wangu niende.

Nimalize na siku ya kwenda kuonwa, miezi sita baada ya Nairobi. Kliniki ilikuwa imehamia ghorofa ya juu kabisa ya jengo jipya, na lifti ilikuwa imeharibika, au haijawahi kutengemaa. Shee aliniinamia mgongo kama desturi. Nikamwambia abaki chini na viatu vyetu tulivyovua mlangoni. Mama hakupenda. Alinifuata nyuma akiwa amenishika kiuno kwa mikono miwili, akinihimiza nipumzike kila kona, nami nilipanda, na miguu ilikuwa ikinipeleka yenyewe. Kwenye ghorofa ya pili nilihisi kiuno kimeachiwa. Nilipogeuka, Mama alikuwa ameketi kwenye ngazi, jasho linamtiririka, mdomo wazi. Nikarudi chini kumchukua. Nikampitisha mkono begani mwangu, tukapanda ngazi zilizobaki, mimi nikimvuta na yeye akilalamika, tukaingia kwa daktari hivyo hivyo tumeshikana.

Daktari alitutazama, mmoja kisha mwingine, akauliza kati yetu mgonjwa ni nani.

"Mimi," alisema Mama, akijipepea kwa ncha ya buibui. "Huyu mzima. Huyu kan'sindikiza tu."